Ukiona Watu Wanakata Kapulana

 

Idd tumeshaila. Nguo mpya za watoto zimeshapata doa la kwanza, na mbele yetu inakuja tarehe 7 Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, tunapomkumbuka Josina Machel aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1971 akiwa na miaka 25 tu. Sikukuu hizi mbili zikifuatana hivi, mafundi cherehani wa Palma, mji wetu huu wa kaskazini mwa Msumbiji, hawalali. Wa gauni la Idd hajamaliza kutoka mlangoni, na kina mama wa kikundi wanaotaka sare ya Aprili wapo nyuma yake, kila mmoja na kapulana yake, kitambaa chetu cha kujifunga, kwapani na swali lile lile mdomoni: "Fundi, yangu lini?"

Leo mafundi nawaacha wapumzike. Nataka kuwazungumzia wale wanaokuja jioni, fundi akishafunika cherehani yake, kuokota kilichoanguka chini.

Simama kwenye baraza ya fundi yeyote karibu na soko, utazame miguuni pake. Utakuta kiroba cha unga kimejaa vipande: kona za kapulana ya sare, mikato ya kwapa za kanzu, ukanda wa satini uliobaki kwenye gauni la mtoto, mkia wa kitenge usiozidi kiganja. Kwa fundi hizo ni taka za kuwashia moto. Lakini wapo wanawake mjini hapa, na wanaume wawili watatu pia, wanaovitaka vipande hivyo kuliko kitambaa kizima. Mimi ni mmoja wao. Hatuna kibao mlangoni, hatupokei oda, hatudai wala hatudaiwi. Tunashona kwa sababu tunapenda kushona.

"Dada, hata hivi vidogo vidogo?" fundi mmoja aliniuliza, huku akinisogezea kiroba kwa mguu.

"Hivyo ndivyo nilivyovifuata."

Akacheka sana, akaniongezea na vya jana.

Mwezi wetu ni Ramadhani. Mchana jiko limelala, miaka hii mvua za masika zinatufungia ndani, na mtu aliyefunga hana nguvu za kuhangaika na jembe. Sindano haidai nguvu. Inadai jicho na subira, na subira ndiyo bidhaa ya mwezi wenyewe. Kwa hiyo tangu mwezi unapoandama, ukipita uchochoroni baada ya adhuhuri utawaona watu wamekaa mikekani, vichwa vimeinama, uzi mweupe unapanda na kushuka.

Siku za mwanzo ni za kuchambua. Vipande vinafuliwa, kisha kila chenye wekundu au bluu nzito kinalowekwa peke yake usiku kucha, maana rangi inayotoka leo kwenye beseni ni afadhali kuliko rangi itakayotoka kesho kwenye mto wa mgeni. Halafu pasi ya mkaa. Pasi ndiyo inayokuambia ukweli: pamba inanyooka na kutulia, lakini kitambaa cha nailoni kinajikunja na kunuka, na hapo unajua hakifai kukaa jirani na pamba. Ukiviunganisha kwa lazima, kufua mara ya tatu kimoja kimevuta, kingine kimekataa, na kazi yote imejikunyata.

Zinafuata kazi ndogo za kuupasha mkono moto. Foronya. Vishikio vya sufuria vyenye matabaka manne ya nguo ngumu. Mfuko wa msahafu wenye kamba ya kuvuta, ambao kila nyumba inao na kila nyumba inataka mwingine. Jirani yangu mmoja alishona pazia la mlango kwa vipande vya kanga, na kanga, kama ujuavyo, haipendi kukatwa: ina pindo lake pande zote, ina mji wake katikati, na ina maneno yake. Kapulana ukiikata popote ua linaendelea. Kanga ukiikata umekata na usemi. Matokeo yake mlango ule sasa una nusu ya dua imekaa pamoja na nusu ya kijembe, na wageni wanasimama kibarazani kusoma kabla ya kupiga hodi.

Wapo wanaochukua kofia. Kofia ya mkono haina njia ya mkato. Unapanga vitambaa viwili vyeupe, unachora ua, unatoboa tundu kwa tundu na kulizungushia uzi kila moja, duara la juu mbali na ukanda wa pembeni mbali, mpaka nguo laini inasimama yenyewe kwa wingi wa mishono. Anayesema atamaliza kofia ya viua kabla ya Idd, msikilize tu usimbishie. Kwa kawaida kofia iliyoanzwa Ramadhani hii inakwenda msikitini Idd ya mwaka unaofuata.

Na wapo wa mablanketi ya viraka, na hao ndio ndugu wa moyo wangu.

Niruhusu nikueleze blanketi linavyoanza, maana mwenye sindano mkononi anaweza kulianza leo hii. Chukua kapulana iliyochakaa, ile iliyofuliwa hadi rangi imekimbia lakini haijatoboka. Itandaze mkekani, huo utakuwa mgongo wa blanketi. Anzia kwenye kona. Weka kiraka cha kwanza, kunja ukingo wake kwa ndani upana wa ukucha, kunja na ukingo wa ile kapulana ukutane nao, kisha pitisha mshono wa kupenyeza, sindano izame na kuibuka, mstari chini ya mstari, nafasi ya kidole katikati. Kiraka cha pili kinalalia cha kwanza. Cha tatu kinalalia cha pili. Unakwenda hivyo ukifuata pindo mpaka umezunguka kona zote nne, halafu unaingia mzunguko wa ndani, na mwingine, hadi unakutana na nafasi ya mwisho katikati. Uzi ule ule unaokishika kiraka ndio unaoyashika matabaka. Huhitaji cherehani, huhitaji meza, huhitaji umeme. Unachohitaji ni subana kidoleni, na kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani cha kuhifadhia sindano, kwa kuwa hewa ya bahari yetu inakula chuma.

Njia hiyo ni ya Wasidi wa Karnataka, kusini-magharibi mwa India. Hao ni watu wenye asili ya Afrika, wanaoishi vijijini katika misitu ya Uttara Kannada. Wazee wao wengi walipitia Goa mikononi mwa Wareno, na pwani hii ya Msumbiji ilikuwa mojawapo ya mahali walikochukuliwa. Blanketi lao wanaliita kawandi. Wakifika mwisho wa kazi wanashonea kwenye kona vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanavyoviita maua, na kwao blanketi lisilo na maua hayo liko uchi. Henry Drewal, profesa wa sanaa za Afrika nchini Marekani, aliandika juu yao na kuyapeleka mablanketi hayo kwenye maonyesho. Sisemi kwamba mabibi wale waliondoka na ufundi huo huku kwetu. India nako viraka vimeshonwa tangu zamani. Nasema tu kwamba damu ya pwani zetu imekaa ng'ambo ile ya bahari na sindano mkononi, ikianzia kwenye kona na kuelekea katikati, na hakuna nauli inayotuzuia kufanya kama wao.

Sasa msikilizaji utaniuliza, kwani viraka ni habari ya kutangazwa redioni? Nasema ndiyo, na sababu yangu ni mkasi.

Fikiria kapulana nzima inavyotumika. Inambeba mtoto mgongoni. Inafunga mzigo wa kichwani. Inatandikwa, inamfunika aliyelala, inamstiri marehemu. Ukikwama njiani, inauzwa. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa na waasi wenye silaha, watu waliondoka na kile kilichoweza kufungwa ndani ya nguo moja. Wengine walikimbilia Quitunda na lango la Afungi, penye mradi wa gesi, wengine wakakata pori kwa miguu kuelekea Nangade na Mueda, wengine wakapata chombo hadi mji wa Pemba wa mkoani kwetu. Kule Pemba, kwa jamaa waliotupokea kumi kwenye chumba cha watu watatu, niliziona kapulana zikifanya kila kazi niliyokwisha kuitaja. Sikumwona hata mmoja aliyeikata ya kwake.

Wala haikuwa umaskini tu. Anayeikata kapulana anaifunga njia: haitabeba tena mtoto, haitafunga tena mzigo, hataipata kesho ikiwa nzima akitakiwa kuondoka usiku. Kitambaa kizima ni cha msafiri. Kukikata vipande ishirini na kukaa wiki nyingi kuviunganisha kuwa kitu kizito, kisichobebeka, cha kukaa kitandani, ni kazi ya mtu aliyeamua kuwa kitanda chake kiko hapa.

Watu walipoanza kurudi, kila mtu alikuwa na kipimo chake cha kuujua mji unavyopona. Wapo waliohesabu mabati, wapo waliohesabu maduka yaliyofunguliwa, wapo wanaohesabu magari yanayokwenda na kurudi Afungi kwenye gesi. Mimi kipimo changu ni kiroba cha fundi. Mwanzoni hakikuwepo. Watu walipeleka nguo kubanwa, kupunguzwa, kuzibwa tundu. Halafu siku moja naona mikato ya nguo mpya chini ya cherehani. Na baadaye naona watu wanaiombaomba. Sisemi hofu imekwisha. Mkoa wetu bado haujatulia wote, na zipo nyumba ambazo mfuko umefungwa tayari nyuma ya mlango. Hata kwangu upo. Lakini katika nyumba hizo hizo, kitandani, kuna kapulana iliyokatwa, na ninayemwona akikata huwa namwelewa bila kumuuliza.

Tusisahau pia kwamba nguo si ngeni hapa. Kusini mwetu tu, kwenye visiwa vya Kirimba, watu wetu walikuwa wanafuma. Wareno wa karne ya 16 walivijua visiwa vile kwa jina la Maluane, na nguo za pamba zilizofumwa huko na kutiwa nili zilikuwa na soko pwani nzima. Padri João dos Santos, aliyeishi visiwani humo, aliziandika katika kitabu chake kilichochapishwa Ureno mwaka 1609. Halafu vitanda vya mfumi vikanyamaza. Ilipofika mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikawalazimisha wakulima wa kaskazini kulima pamba, na amri hiyo ikadumu hadi 1961. Babu na bibi zetu walipalilia pamba kwa vitisho vya msimamizi, ikapimwa kwa bei ya dharau, ikapakiwa melini kwenda viwanda vya Ureno, na wenyewe wakabaki na matambara. Miaka ya 1980, vita na ukame viliposhika nchi, nguo zikaja za msaada, mitumba ile ambayo mpaka leo nchini kwetu inaitwa kalamidade, kwa sababu iliingia na balaa.

Tazama basi: kwa miaka mingi nguo kwetu imekuwa kitu cha kupokea. Inashuka melini, inashuka kwenye lori, inavuka Ruvuma kutoka Kilambo kuja Namoto. Mahali pekee ambapo mwenye nguo anapata neno la mwisho ni pale anaposhika mkasi. Na historia ya kanga inatuonyesha neno hilo linaweza kwenda mbali. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za dukani zilizokuja kwenye jora, wanachukua sita kwa mkupuo, wanaziunganisha tatu kwa tatu, wanajifunga. Hakuna mfanyabiashara aliyewatuma. Wao walishona walichokipenda, na wenye maduka ndio waliowafuata baadaye kwa kuchapisha nguo nzima ya mtindo huo.

Hapa nafika kwenye hoja yangu, na najua si kila mtu atakubaliana nami.

Siku hizi cherehani ikitajwa mkoani kwetu, inatajwa pamoja na neno mradi. Shirika linaleta vyerehani, kina mama wanafundishwa, wanapigwa picha, wanaambiwa wajitegemee. Sina ugomvi na hilo. Mwenye watoto wa kulisha anahitaji kipato, na tumbo halisubiri sanaa. Lakini katika kusema hayo mara elfu, tumewaaminisha watu kwamba sindano isiyoleta metikali ni upuuzi. Mama akionekana anashona blanketi la kitandani kwake, la kwanza anaulizwa ni shilingi ngapi, metikali ngapi, utauza wapi. Akijibu kwamba hauzi, anatazamwa kama mtu aliyekosa kazi.

Nitakupa mfano wa mbali. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ndani ya tao la mto, cha wajukuu wa Waafrika waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba. Wanawake wa pale walishona mablanketi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi zilizofifia magotini, mashati ya shamba, ili watoto wasife baridi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo lile walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, wakapata wateja kwenye maduka makubwa ya mijini. Pesa iliingia, na ilikuwa pesa ya heshima, maana wakati ule waliodai haki ya kupiga kura walikuwa wakifukuzwa kwenye mashamba. Lakini mteja wa dukani alitaka blanketi hili lifanane na lile: vipimo vile vile, ruwaza ile ile. Yale ya nyumbani yaliendelea kushonwa mwenyewe alivyotaka, kiraka kirefu hapa, kingine kimekwenda mshazari pale, rangi zinagombana na kupatana. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yakatundikwa makumbusho, Houston kwanza, kisha New York, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikayachapa kwenye stempu za posta. Yaliyowashangaza watu yalikuwa yale ya nyumbani, yaliyoshonwa bila oda ya mtu.

Simaanishi kwamba sisi wa Palma tushone ili tutundikwe makumbusho. Ninachokiona ni kwamba ufundi hukua pale mkono unapokuwa huru kukosea, kufumua na kujaribu tena, na uhuru huo hauko kwenye kazi ya mteja anayesubiri kibarazani. Fundi anayeshona sare thelathini za Aprili hana nafasi ya kujiuliza itakuwaje akigeuza ua kichwa chini. Anayeshona kwa mapenzi anayo. Ndipo mitindo inapozaliwa, na kesho fundi anaiiga na kuiuza. Anayetaka kipato cha kesho asiibeze starehe ya leo.

Na starehe yenyewe, msikilizaji, ni haki. Watu wa mji huu wameulizwa maswali mengi tangu 2021: umepoteza nini, umepoteza nani, unahitaji nini. Ni mara chache mtu anaulizwa anapenda nini. Mwanamke aliyekaa na viraka vyake, akiweka cha kijani kando ya cha njano, akikitoa, akikirudisha, analijibu swali hilo ambalo hakuna fomu iliyomuuliza.

Kwa hiyo nina maombi matatu, halafu nikuache uendelee na kazi zako.

Kwenu mafundi: tarehe 7 Aprili inakuja na mikato itakuwa mingi. Msichome moto. Wekeni kiroba pembeni, pamba mbali na nailoni mbali mkiweza, na mtu akija kuomba mpeni. Nanyi vijana wa mradi wa gesi, ovaroli zenu zikichakaa magotini, migongo yake bado ni kitambaa kigumu cha kutosha. Wapelekeeni mama zenu.

Kwenu mnaoleta vyerehani: leteni, na Mungu awalipe. Ila katika mafunzo yenu wekeni saa moja ya kila wiki ambayo mwanafunzi atashona atakacho, bila kipimo chenu na bila kumuuliza atamuuzia nani. Mtaona wenyewe saa ipi wanakuja mapema.

Na kwako mama, dada, bibi, na wewe kaka unayeshona kofia kwa kificho ukiogopa kuchekwa: usingoje Ramadhani nyingine. Toa ile kapulana iliyochoka uitandaze. Kama mkono unasita kukata, anza na ile uliyoipenda kidogo kuliko zote. Kona ya kwanza itakwenda upande, ya pili itakuwa afadhali. Wakikuuliza bei, waambie hiyo ni ya nyumbani.